Saa za ndege nazo huzeeka



Sisi tunaokaa Miti tunaisikia ndege kabla ya kuiona. Anayepalilia maharage upande wa Mulungu, au anayepanga vitunguu kando ya barabara ya Kavumu, hana haja ya kuinua kichwa. Kwa mlio tu anajua kama ni ile kubwa ya Kinshasa au ni ile ndogo inayokwenda msituni. Juma hili tunaongea juu ya ile ndogo. Ndiyo inayobeba chumvi, sabuni na vitambaa kwenda Shabunda na kurudi na mawe ya kasiterite, na katikati ya mizigo hiyo wanakaa watu wetu: mwalimu anayerudi kazini, mama aliyeleta mtoto hospitali Bukavu, binti anayemfuata mume wake. Barabara ya Shabunda kila mtu anaijua. Wakati wa mvua lori linaweza kulala kwenye matope juma zima. Kwa hiyo watu wanapanda ndege, si kwa anasa, ni kwa kukosa njia nyingine.

Katika mkutano wetu, mama mmoja mwenye binti aliyeolewa huko alituambia alikaa karibu kabisa na rubani. Mbele yake aliona tablo yenye saa nyingi za mviringo. Nyingine zilikuwa zimekwaruzwa, na moja namba zake zilikuwa zimegeuka rangi ya chai ya maziwa. Akauliza: vitu vizee namna ile, vinasema kweli?

Swali hilo tulilibeba nyumbani. Tumesoma, tumeuliza watu waliofanya kazi kwenye viwanja vya ndege, na haya ndiyo tuliyoyapata.

Ndege ndogo ya kawaida ina saa sita ambazo rubani hazikosi macho: ya mwinuko, ya mwendo, ya kupanda na kushuka, ya upeo, ya uelekeo na ya kukata kona. Zingine ni za injini na mafuta, kama za gari. Hatutazieleza zote. Tutakaa zaidi kwenye ile ya mwinuko, mafundi wanaiita altimeta, kwa sababu sisi watu wa milima ndiyo inatuhusu kuliko zote. Ziwa Kivu liko mita 1,460 hivi juu ya bahari. Uwanja wa Kavumu uko mita 1,720 hivi. Mlima Kahuzi, ule tunaouona kila asubuhi ukiwa umejifunika, una mita 3,308. Ndege inayotoka msituni kurudi kwetu inatoka chini, inavuka milima hiyo, kisha inateremka tena kutafuta Kavumu. Kukiwa na mawingu rubani haoni mlima. Anaona mshale tu.

Wengi wanafikiri saa hiyo inapima umbali kutoka ardhini. Hapana. Inapima uzito wa hewa. Hewa inatukandamiza pande zote, na kadiri unavyopanda ndivyo inavyopungua na kuwa nyepesi. Hili mama yeyote wa Miti anaweza kulijaribu. Siku ukipanda Tshivanga, kwenye lango la hifadhi ya Kahuzi-Biega, kunywa maji yako yaishe, ufunge chupa tupu ya plastiki vizuri kabisa, kisha uteremke nayo hadi ziwani. Ukifika utaikuta imebonyea, kama mtu ameiminya. Hakuna aliyeiminya. Hewa nyepesi ya juu imefungiwa ndani, na hewa nzito ya chini inaisukuma kutoka nje.

Ndani ya altimeta kuna vibweta vidogo vya bati jembamba sana, vimetolewa hewa na kuzibwa. Ndege ikipanda, vinavimba kidogo, ikishuka, vinabonyea. Kuvimba huko ni kudogo sana, lakini vijiti na magurudumu ya meno, kama yale ya saa ya mkononi, yanakikuza hadi mshale unazunguka uso mzima. Kibweta cha namna hiyo kilibuniwa na Mfaransa Lucien Vidi mwaka 1844, kwa ajili ya kupima hali ya hewa. Mjerumani aliyehamia Marekani, Paul Kollsman, ndiye aliyetengeneza mwaka 1928 altimeta sahihi ya kutosha kumwamini rubani asiyeona nje. Mwaka uliofuata, tarehe 24 Septemba 1929, Jimmy Doolittle alifunikwa kabisa ndani ya chumba chake, akapaa, akazunguka na kutua akitazama saa tu. Hadi siku hiyo rubani aliyeingia katika wingu zito alikuwa anasali.

Kuna jambo moja hapa la kukumbuka. Hewa haina uzito uleule kila siku: mvua ikikaribia inakuwa nyepesi kidogo. Kwa hiyo kwenye altimeta kuna kidirisha chenye namba, na kitufe cha kuzungusha. Kabla ya kutua rubani anapewa na watu wa uwanja namba ya siku hiyo, kisha anairekebisha. Akikosea kwa alama 10 tu, mshale utamdanganya kwa mita 90 hivi. Katika nchi tambarare mita 90 si kitu. Kati ya Kahuzi na Biega ni kitu kikubwa. Tarehe 1 Septemba 2008 ndege ya misaada iliyotoka Kisangani ilikuwa inakuja kutua Kavumu katika hali mbaya ya hewa, ikagonga mlima karibu na Bukavu, watu wote 17 wakafa. Hatusemi kwamba saa zake zilikuwa mbovu. Tunasema tu kwamba milima hii haisamehi.

Sasa turudi kwenye uzee. Mama mmoja mshonaji alisema katika mkutano: mimi cherehani yangu ya Singer ni ya bibi yangu, na inashona kushinda hizi mpya. Ni kweli, na altimeta ya mwaka 1960 iliyotunzwa inaweza kuwa nzuri kuliko mpya iliyoangushwa. Lakini kuna tofauti kati ya vitu hivyo viwili. Cherehani ikiharibika inakuambia yenyewe: inaruka nyuzi, inakata uzi, inapiga kelele. Saa ya ndege ikiharibika inaendelea kuonyesha namba. Mshale wake hautetemeki kwa aibu. Ndiyo sababu haingojwi iharibike. Inatolewa, inafunguliwa, inasafishwa na kupimwa hata kama inaonekana nzima. Sheria ya Marekani, kwa mfano, inadai altimeta ya ndege inayoruka ndani ya mawingu kwa kutegemea saa ipimwe kila miezi 24.

Kazi yenyewe inafanana na ya fundi wa saa pale Kadutu, ila bila vumbi la Kadutu. Fundi anakaa katika chumba safi, mara nyingi chenye hewa iliyochujwa. Kwanza anaandika jinsi kifaa kilivyofika: namba yake, mikwaruzo yake, kinakosea kwa kiasi gani. Hakifungui kabla ya kukipima, kwa sababu ugonjwa unaojulikana kabla ya kufungua ni nusu ya matibabu. Kisha anaondoa kioo, anang'oa mishale kwa kibano maalumu asiikunje, anatoa uso wenye namba, na mashine inabaki uchi: vibweta, vijiti, magurudumu, na utepe mwembamba wa chuma uliozungushwa kama nywele.

Adui wake ni wale wale wa jikoni. Mafuta ya zamani yameganda na kuwa gundi. Unyevu umeleta kutu. Vumbi limeingia kwenye matundu madogo ambamo mihimili inazunguka, matundu yaliyotengenezwa kwa kijiwe kigumu kama kile cha saa ya mkono. Kila kipande kinaoshwa kwa dawa na kukaushwa. Mipira ya kuziba inatupwa na kuwekwa mipya, maana mpira unakufa hata bila kutumika, kama tunavyoona kwenye sufuria za presha. Kipande kilicholika kinabadilishwa kwa kingine chenye karatasi zake. Mafuta mapya yanatiwa kwa ncha ya sindano, tone ambalo macho ya kawaida hayalioni. Akitia mengi ameharibu kazi, kwa sababu mafuta mengi yanakusanya vumbi.

Baadaye ndipo inakuja sehemu ambayo sisi walimu tuliipenda zaidi: mtihani. Kifaa kinawekwa ndani ya chombo kilichofungwa, pampu inanyonya hewa kidogo kidogo, na kifaa kinadhani kinapanda mbinguni ilhali kiko mezani. Fundi analinganisha mshale na kipimo kikuu ambacho nacho kimepimwa mahali pengine. Kwa sheria ile ya Marekani, kwenye usawa wa bahari hairuhusiwi kukosea zaidi ya futi 20, yaani mita 6. Kwenye futi 10,000 kosa linaruhusiwa hadi futi 80, mita 24 hivi. Anapanda nayo hadi juu, anashuka nayo, anaangalia kama inarudi pale ilipoanzia. Anaigonga polepole kwa kidole: mshale ukiruka, kuna kitu bado kinakwama. Anaiacha ikiwa imefungwa aone kama inavuja. Ikifaulu, anaandika cheti na kutia sahihi yake. Sahihi hiyo ina uzito. Ndege ikianguka, mtu ataitafuta karatasi ile.

Saa za aina nyingine zina matatizo yao. Ile ya upeo, inayomwonyesha rubani kama ndege imelala upande, ndani yake kuna gurudumu linalozunguka zaidi ya mara 10,000 kwa dakika. Inafanya kazi kama pia, kile kichezeo watoto wanakizungusha kwa kamba: kikiwa na mbio hakianguki, hata ukitingisha meza. Kwenye ndege nyingi ndogo za zamani gurudumu hilo linazungushwa na hewa inayonyonywa na pampu ya injini, na hewa hiyo inapita kwanza kwenye chujio. Chujio likichafuka, au watu wakivuta sigara ndani ya ndege, lami ya moshi inashika kwenye beringi ndogo na kuziua. Fundi akibadilisha beringi hizo lazima alisawazishe gurudumu upya, kwa uvumilivu wa mtu anayechambua mchele gizani. Na kifaa hicho kikianguka kutoka mezani hadi sakafuni, hata kama kioo hakikupasuka, kinarudi karakana. Kwa hiyo kinasafirishwa katika sanduku lenye sponji, kama mayai.

Kazi hizi hazifanyiki chini ya mti kando ya uwanja. Zinadai karakana yenye kibali, na kifaa kinaweza kuvuka mpaka ili kutengenezwa. Katika Afrika yetu ya Mashariki mahali panapojulikana sana kwa ndege ndogo ni uwanja wa Wilson, Nairobi. Na hapa wamama tusipite haraka: uwanja huo una jina la mwanamke. Florence Kerr Wilson, mjane, ndiye aliyeanzisha kampuni ya ndege ya Wilson Airways mwaka 1929, na tangu 1962 uwanja ule unaitwa kwa jina lake. Wengi wanaoutumia wanadhani Wilson alikuwa bwana fulani.

Matundu madogo

Saa ikitengenezwa vizuri namna gani, bado inategemea matundu. Ya mwinuko inapata hewa kupitia matundu madogo ubavuni mwa ndege. Ya mwendo inaipata pia kupitia mrija unaotazama mbele, unaoitwa mrija wa Pitot, kwa jina la Mfaransa Henri Pitot aliyepima kwa mrija kama huo mwendo wa maji ya mto Seine mwaka 1732. Tundu likizibwa, saa nzima haina faida.

Mwaka 1996 dunia ililijifunza hili mara mbili. Mwezi wa Februari ndege kubwa iliyokuwa imekaa siku nyingi uwanjani Puerto Plata, katika Jamhuri ya Dominika, bila kufunikwa mirija yake, ilianguka baharini na watu 189. Wachunguzi walimshuku nyigu: kwamba alijenga kiota chake cha udongo ndani ya mrija. Nyigu huyo huyo tunayemjua, anayejenga kwenye fremu za madirisha. Mwezi wa Oktoba, huko Peru, wafanyakazi walikuwa wameosha ndege na kuziba matundu ya ubavuni kwa skochi ili maji yasiingie. Hakuna aliyeitoa. Ndege ilipaa usiku, saa zikawa zinasema mambo yasiyolingana, marubani hawakujua wako juu au chini, na watu 70 wakafa. Skochi, ile tunayobandikia vitabu vya watoto.

Ndiyo sababu kwenye ndege iliyoegeshwa utaona vifuko vyekundu vimevalishwa kwenye mirija, na utepe mrefu mwekundu unaning'inia ili rubani asiusahau. Ni turubai na utepe, hakuna siri. Washonaji wa kikundi chetu walipoona picha walicheka, wakasema hicho ni kitu cha nusu saa.

Rangi ya chai ya maziwa

Sasa tunafika kwenye ile saa ambayo namba zake zilikuwa zimebadilika rangi, na hapa tunawaomba msome polepole, hasa wenye watoto wa kiume wanaookota vyuma.

Zamani, kabla ya taa ndogo za kisasa, namba za saa za ndege zilipakwa rangi inayong'aa gizani. Rangi hiyo ilichanganywa na radiamu. Na radiamu hiyo, kwa sehemu kubwa, ilitoka kwetu Kongo. Mgodi wa Shinkolobwe, Katanga, uligunduliwa mwaka 1915. Madini yake yalipelekwa Ubelgiji, na kuanzia 1922 kiwanda cha Olen kilikuwa kinatoa radiamu. Kwa miaka karibu 10 Ubelgiji ikatawala soko la radiamu la dunia nzima kwa mawe ya Shinkolobwe. Watoto wetu shuleni wanajifunza kwamba uraniamu ya Shinkolobwe iliingia katika bomu la Hiroshima. Hawajifunzi kwamba kabla ya bomu kulikuwa na saa.

Waliopaka namba hizo walikuwa wasichana. Huko Marekani, katika mji wa Orange, jimbo la New Jersey, kazi ilianza mwaka 1917 wakati wa vita, kwa saa za askari na vipimio vya ndege. Walichagua wasichana kwa sababu mikono yao ni myepesi. Namba zilikuwa ndogo, ikabidi brashi iwe na ncha kali, na njia waliyofundishwa ilikuwa kuichonga ncha kwa midomo: mdomoni, kwenye rangi, kwenye namba, tena mdomoni. Waliambiwa haina madhara. Wengine walijipaka kwenye kucha ili wang'ae usiku kwenye dansi. Wakati huohuo wataalamu wa kiwanda walijikinga.

Radiamu ikiingia mwilini, mwili unaidhania ni chokaa ya mifupa, unaiweka kwenye mifupa, na huko inaendelea kuchoma. Meno yakaanza kung'oka, taya zikaoza, nyonga zikavunjika wakitembea. Mollie Maggia alikufa mwaka 1922, na wakubwa wakaacha watu waseme kwamba alikuwa na ugonjwa wa zinaa. Wasichana watano, Grace Fryer akiwa kiongozi wao, walishtaki kampuni. Mwaka 1928 wakalipwa dola 10,000 kila mmoja, dola 600 kila mwaka na gharama za daktari, wakiwa tayari wanakufa. Miaka 10 baadaye, katika mji wa Ottawa, jimbo la Illinois, Catherine Wolfe Donohue alitoa ushahidi akiwa kitandani mwake, akashinda, na mwaka huohuo wa 1938 akazikwa. Kutokana na mateso yao dunia ilianza kuweka mipaka ya mionzi kazini. Sisi tumeona ajabu kwamba hadithi hii inasimuliwa Marekani bila Kongo, na hapa kwetu haisimuliwi kabisa.

Inatuhusu leo kwa sababu moja. Rangi ile iliendelea kutumika hadi miaka ya 1960, na radiamu haiishi haraka: inahitaji miaka 1,600 ili ipungue nusu tu. Kinachoisha ni mng'ao. Dawa inayong'aa inachoka, namba zinageuka rangi ya kahawia au ya chai ya maziwa, hazing'ai tena, na mtu anasema imekufa. Haijafa. Fundi mwenye ujuzi akipokea saa ya namna hiyo anaipima kwanza kwa kifaa cha mionzi. Hakwangui rangi, hapulizi vumbi, hali chakula mezani pale. Mara nyingi uso wa zamani unaondolewa mzima na kutunzwa kama taka ya hatari, na saa inapewa uso mpya.

Si kila saa kuukuu ina radiamu, na ile iliyofungwa vizuri ndani ya tablo, kioo kizima, haikuumizi wewe abiria wa saa moja. Hatari ni vumbi lake likiliwa au likivutwa puani. Na huku kwetu ndege iliyokufa haizikwi. Aluminiamu inayeyushwa kuwa sufuria, nyaya zinauzwa, na saa zinabaki kwa watoto kwa sababu ni nzuri kuchezea: zina kioo, mshale na kitufe cha kuzungusha. Mtoto akileta kitu hicho nyumbani usimpige, hakujua. Kisifunguliwe, kisikwanguliwe, kisikae chumba cha kulala. Kitiwe ndani ya mfuko wa plastiki, mfuko ndani ya debe, kiwekwe mbali na nyumba, mikono ioshwe kwa sabuni, na mtu mzima aende kuwaeleza watu wa uwanja wa Kavumu au mkuu wa kijiji. Wanunuzi wa vyuma chakavu wasiachiwe wakitwange uani kwako.

Tunaweza kuuliza nini?

Tusijidanganye. Tangu mwaka 2006 Umoja wa Ulaya umezuia kampuni za ndege zilizosajiliwa Kongo kuingia anga zake, na sababu ni usimamizi wa usalama. Mama wa Miti hawezi kufungua tablo akaitazama. Lakini abiria ana kinywa. Tulipouliza watu wa kazi hiyo ni maswali gani si ya upuuzi, walisema muulize anayekuuzia tiketi ni lini ndege ilifanyiwa ukaguzi, na utazame uso wake anapojibu. Ukiona rubani anazunguka ndege yake kabla ya kupaa, anachungulia mirija, anavua vifuko vyekundu, hiyo ni dalili nzuri. Usimpigie kelele kwamba anachelewesha. Akisema hatupai kwa sababu ya wingu, msimshinikize kwa sababu nyanya zinaoza. Tumewahi kuona abiria wakimzomea rubani kwa kukataa kuruka, na kusema kweli aliyestahili kuzomewa si yeye.

Jambo jingine ni mabinti. Katika shule zetu msichana mwenye mikono myepesi anapelekwa ushonaji, na hatudharau ushonaji, ndio unaolisha nyumba nyingi hapa. Lakini mkono ule ule unaopitisha uzi kwenye sindano ndio unaoweka utepe wa nywele kwenye altimeta. Kuna binti mmoja wa darasa la sita aliyetufungulia redio iliyonyamaza, akaipangusa, akairudisha, ikaongea. Baba yake anasema umeme ni wa wavulana. Tunaongea naye polepole. Fizikia na hesabu ndizo zinazofungua mlango wa kazi hizo, pamoja na Kiingereza, kwa sababu vitabu vya mafundi wa ndege viko kwa lugha hiyo.

Kwa wale wanaotaka kuwaonyesha watoto jinsi kibweta cha Vidi kinavyofanya kazi, hivi ndivyo tulivyofanya darasani, na gharama yake ni ya baluni moja. Chukua chupa ya kioo yenye mdomo mpana, ile ya mayoneze inafaa, ikiwa kavu. Kata baluni, uivute juu ya mdomo wa chupa iwe imekaza kama ngoma, uifunge kwa mpira au uzi hewa isipite. Bandika mrija wa kunywea juu yake kwa gundi, ncha moja ikae katikati ya ngozi ya baluni, nyingine itokeze nje. Simamisha karatasi yenye mistari karibu na ncha ya nje. Weka chupa ndani ya nyumba, mahali pasipo na jua wala joto la jiko, kwa sababu joto nalo linasukuma hewa na litawadanganya. Ncha ikipanda, hewa ya nje imekuwa nzito, mara nyingi kutakuwa na jua. Ikishuka, imekuwa nyepesi, anueni nguo.

Watoto waandike asubuhi na jioni kwa siku saba, pamoja na hali ya mvua. Baada ya muda baluni italegea na itabidi kuibadilisha, kama mipira ya altimeta. Atakayepata nafasi ya kupanda Tshivanga aibebe chupa yake, mrija ukiwa umeshikwa vizuri, aandike ncha imeshuka mistari mingapi. Karatasi hizo zileteni kwenye mkutano wa Jumamosi ijayo, tuzilinganishe za Miti, za Kavumu na za wale wanaokaa karibu na ziwa.